Yai Halihimizwi

Juma hili nataka kuungama kosa langu mwenyewe, maana naona wenzangu wengi, makarani kwa wakulima, wamo mbioni kulitenda.

Mwezi wa Januari nilinunua tembe sita wekundu wa aina ya Rhode Island Red katika soko moja huku Kiambu. Muuzaji aliniambia kuwa wana miezi mitatu. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni madaftari, nilifika nyumbani nikapiga mistari kitabuni: tarehe, mayai, fedha. Nikamwahidi mke wangu kwamba shule itakapofunguliwa mwezi wa Mei, mayai yatakuwa yamelipa vitabu vya binti yetu.

Machi ikapita, na Aprili nayo ikaenda. Kila jioni niliandika sifuri, na mahindi yakazidi kupungua ghalani. Mke wangu hakusema neno, lakini kimya chake nilikisikia. Mwisho wa Aprili nikaona nimedanganyika, nikauza tembe wawili kwa jirani yetu, mama mmoja mzee. Fedha zile zilitosha vitabu viwili tu.

Hazikutimia wiki tatu, mjukuu wake akabisha hodi na kikapu. Alikuwa akiuza mayai. Ndipo nilipoyanunua mayai ya kuku niliowalisha mwenyewe tangu Januari!

Nilikwenda kumwuliza yule mama ametumia dawa gani. Akacheka, akasema, “Mwanangu, wewe uliwatazama kitabuni, mimi niliwatazama kichwani.”

Maneno yake ni kweli. Tembe wa aina hii huanza kutaga akiwa na umri wa miezi mitano hadi sita, na kuku wa kienyeji huchelewa zaidi, pengine miezi sita hadi minane. Wangu hawakuwa na miezi mitatu siku ile ya soko. Walikuwa na miwili. Basi usihesabu tangu siku ya kununua, wala usiamini umri wa mdomoni. Mtazame kuku mwenyewe.

Tembe aliye karibu kutaga, upanga wake wa kichwani hukua na kuwa mwekundu sana, pamoja na nyama zinazoning’inia chini ya mdomo. Ukimkaribia huchutama na kutandaza mbawa. Huanza kutetea na kuingia pembeni akitafuta mahali. Ukimshika, pima ile mifupa miwili iliyo karibu na tundu la yai: ikiwa vidole viwili vyapita katikati, siku si nyingi. Ikiwa kidole kimoja chapita kwa shida, subiri.

Tena kusubiri si kukaa bure. Mimi niliwapa mahindi matupu, na mahindi hayana chakula cha kutosha cha kujenga mwili. Jirani yangu aliongeza dagaa, mashudu na majani ya sukuma wiki. Walipoanza kuwa wekundu aliwapa chokaa ya kuku, kwa sababu ganda la yai hutokana nayo. Bali vifaranga wasipewe chokaa nyingi, yaweza kuwadhuru figo. Maji safi yasikosekane, maana sehemu kubwa ya yai ni maji. Wapatieni kiota kimoja kwa kuku wanne au watano, penye giza kidogo na majani makavu. Na chanjo ya kideri ifanywe mapema, kabla hawajaanza kutaga.

Yai moja huchukua kama saa 25 kuumbika tumboni mwa kuku. Hata kuku hodari hawezi kuliharakisha, sembuse karani mwenye kalamu. Na mayai ya kwanza yakiwa madogo, msimlaumu, ukubwa utakuja.

Wale tembe wanne waliobaki wanataga sasa. Juzi mke wangu aliuza mayai, akanunua kitabu cha tatu cha binti yetu, kisha akalichukua lile daftari langu. Sasa analiandika yeye, na safu ya kwanza aliyoiongeza si ya fedha. Ameiandika juu yake: “Rangi ya upanga.”

Ndimi wenu,
Karani Mfugaji