Daftari la Juma na Kalamu ya Wino

Siku hizi wako walimu wengi, na wengine ni hodari sana katika kazi yao, wasemao kwamba mwenye simu hana haja tena ya daftari wala ya kidau cha wino. Husema, "Simu yaniamsha, simu yanikumbusha, simu yanihesabia siku zangu, karatasi ya nini?" Neno hili lapendeza masikioni, lakini si kweli, na hasara yake yawaangukia watoto tunaowafundisha. Kwa hiyo yafaa lijibiwe.

Kwanza tuelewane juu ya vitu vyenyewe. Daftari la juma ni lile ambalo ukilifunua waziona siku saba zote pamoja katika kurasa mbili, kila siku na nafasi yake. Si jambo la jana. Mwaka 1812 John Letts, muuza karatasi wa London, alianza kuuza vitabu vyenye tarehe zilizokwisha kupigwa chapa, ili mtu aandike humo shughuli zake. Na wazee wetu wa pwani wametuachia neno: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi wakati nao ni mali, tena ni mali isiyokopeka.

Nayo kalamu niitajayo si ile yenye gololi nchani, ambayo wengi huiita biki. Ni kalamu ya kujazwa wino, yenye nibu, kama ile ambayo Lewis Waterman wa New York aliandikishiwa haki yake mwaka 1884. Chini ya nibu pana vijifereji vyembamba. Wino hushuka kwa njia hiyo, na hewa hupanda kushika mahali pake, wino usije ukamwagika wote kwa mara moja. Kwa sababu hiyo mwandishi hana haja ya kukandamiza karatasi, na mkono wake hauchoki upesi.

Sasa nije kwenye shina la maneno yangu. Ubaya wa simu si kwamba yasahau. Ubaya wake ni kwamba yasamehe mno. Tuseme mwalimu ameweka katika simu kwamba Jumanne atasahihisha insha za darasa la sita. Jumanne ikapita. Kwa kugusa kidole kimoja kazi ile yahamia Jumatano, kisha Ijumaa, kisha juma lijalo, na kila ihamiapo yaonekana mpya, kana kwamba haijapata kuahirishwa. Wala hakuna alama machoni pake ya kumshtaki. Kumbe kuna mtoto aliyeandika insha ile kwa jasho lake, naye angoja. Irudipo baada ya majuma matatu, amekwisha kusahau alichokuwa akijaribu kusema, na kosa lake limekwisha kuota mizizi.

Katika daftari mambo si hivyo. Kazi iliyobaki haihami yenyewe. Sharti uiandike tena kwa mkono wako, neno kwa neno, katika ukurasa mpya, na ile ya kwanza yabaki pale pale ilipokatwa mstari. Uiandikapo mara ya tatu, mkono wenyewe wakuuliza: "Je, kazi hii utaifanya, au hutaifanya?" Hapo mtu hana budi kuchagua. Ama aikamilishe leo, ama akiri kwamba haiwezekani, awaambie watoto kweli. Taabu ile ndogo ya kuandika tena ndiyo faida kubwa ya daftari, maana ni hakimu asiyepokea rushwa.

Na kwa nini wino, wala si kalamu ya risasi? Kwa sababu kifutio ni rafiki wa mvivu. Kilichoandikwa kwa risasi chaweza kufutwa kikawa kama hakijawa. Wino ukisha kukauka hubaki kuwa shahidi. Ahadi ni deni, na mdaiwa hapewi ruhusa ya kufuta daftari la mwenye duka.

Liko na jambo jingine, nalo latuhusu sisi tusemao Kiswahili. Saa zetu twazihesabu tangu kuchwa na kucha; juma letu twalihesabu tangu Jumamosi, ndiyo siku ya mosi. Lakini simu nyingi huandika 7:00 pale tusemapo saa moja, na juma hulianzisha Jumapili au Jumatatu. Basi kila mara mtu ageuze kichwani. Katika daftari lako waandika "saa mbili na nusu, wazazi," na mzazi aliyeambiwa saa mbili na nusu atafika saa hiyo hiyo. Waweza hata kulianza juma kwa Jumamosi, wala hakuna fundi wa kukuzuia.

Wapinzani watasema: daftari likipotea limepotea, na wino ukinyeshewa huyeyuka. Ni kweli. Basi litie jalada, chagua wino ustahimilio maji, na namba za watu ziache ndani ya simu. Mimi sisemi simu itupwe. Simu na iwe kengele, daftari na liwe baraza: kengele huita watu, lakini shauri hukatwa barazani.

Wengine watasema ni anasa ya matajiri. Hapana. Si lazima daftari la ngozi litokalo ng'ambo. Twaa daftari la shule la kurasa 96, piga mistari kwa rula, kila juma kurasa mbili. Umepata majuma 48. Kalamu yenye nibu yapita biki kwa bei, lakini haitupwi wino uishapo, bali hujazwa tena, na kidau kimoja hudumu siku nyingi. Ila karatasi nyepesi hutapanya wino. Kwa hiyo tafuta nibu nyembamba, ujaribu mstari mmoja kabla ya kununua.

Wako pia watakaoleta habari za wataalamu. Mwaka 2024 Ruud van der Weel na Audrey van der Meer wa Trondheim, Norwei, walitangaza kwamba waliwapima wanafunzi 36, wakaona sehemu za ubongo zikishirikiana zaidi mtu aandikapo kwa mkono kuliko apigapo herufi kwa kidole. Ni habari njema, lakini sitaiegemea, maana kalamu ya wanafunzi wale iliandika juu ya kioo, si juu ya karatasi. Hoja yangu haihitaji mashine ya kupima ubongo. Yahitaji meza ya mwalimu tu, na madaftari yaliyorundikwa juu yake.

Basi, ndugu walimu, Ijumaa jioni jazeni kalamu, funueni kurasa mbili mpya, yahamisheni kwa mkono yaliyobaki, na kila mhamishapo ulizeni sababu. Anayebisha na ajaribu muhula mmoja, nusu yake kwa simu na nusu yake kwa daftari. Kisha asiniulize mimi wala asijiulize mwenyewe. Awaulize watoto ni lini insha zao zilirudi.