Mji Hauonjwi kwa Ulimi Peke Yake

Wapo wavukao kutoka visiwani kwenda Dar es Salaam, wakarejea wakijigamba kuwa wameujua mji, kumbe wameijua mikahawa yake. Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, waliipita kama uchochoro. Walikula chini ya picha ya Tingatinga bila kuuliza jina hilo ni la nani. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari. Risasi ya polisi ilimuua mwaka 1972, katika mji huo huo. Waandishi wa miongozo watangulizao sahani hawamkaribishi mgeni, wanampofua. Mwongozo wa haki ungeanzia kwa wachoraji wa Oysterbay, chakula kingefuata.