Yule Mzee Pichani ni Nani?

Mwezi uliopita kijana mmoja aliingia studio yangu hapa Malindi, akanipa simu yake. "Mzee, nitolee picha hii, kubwa, tuitie kwenye fremu." Ilikuwa picha ya mzee aliyekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya makuti, bakora mkononi. Nikamuuliza ni nani. "Babu," akasema. Babu wa upande gani? Hakujua. Jina lake? Hakujua. Picha ilikuwa imetumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao, watu zaidi ya mia wakaipokea, kila mmoja akaipeleka mbele.

Nikamwomba amtumie nyanyake aliyeko Ganze. Haikupita nusu saa, bibi akapiga simu mwenyewe. Yule ni ndugu mkubwa wa mumewe, akasema. Alikuwa mgema hodari mpaka siku alipoanguka kutoka juu ya mnazi akavunjika mguu wa kushoto, ndiyo sababu ya bakora na kigoda. Alitaja kijiji, alimtaja mke wa kwanza na wa pili, alieleza nyumba ile ilijengwa baada ya mvua gani. Kijana alisimama kaunta akisikiliza kama mtu anayesomewa barua aliyokaa nayo mfukoni miaka bila kuifungua.

Nimefanya kazi hii ya kupiga picha miaka 34, na nina neno la kusema. Picha zimetuzidi, kumbukumbu zinatupungukia, na hayo mawili yanahusiana.

Nilipoanza, filamu moja ilikuwa na picha 36. Kila picha ilikuwa na bei yake, kununua na kuosha, kwa hivyo kabla sijabonyeza nilitazama kwanza: kivuli kinaangukia wapi, leso imekaa vipi, bibi harusi anamtafuta nani kwa macho. Arusi nzima niliimaliza kwa filamu mbili. Naweza leo kukuhadithia arusi ya mwaka 1991 kule Mambrui, jinsi mvua ilivyotukuta uwanjani na kina mama wakasimama kulizunguka sinia la pilau, kanga zao wamezitanua juu yake, lisilowe. Picha ya tukio hilo sina. Nililiona kwa sababu mikono yangu ilikuwa mitupu, nikihesabu filamu iliyobaki.

Arusi niliyopiga Desemba iliyopita ina picha 2,400 kwenye kompyuta yangu. Nikifumba macho, siioni.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2014 profesa wa saikolojia Linda Henkel, wa Chuo Kikuu cha Fairfield huko Marekani, alichapisha utafiti aliofanya na wanafunzi ndani ya jumba la makumbusho. Baadhi ya vitu aliwaambia wavipige picha, vingine wavitazame tu. Kesho yake walivikumbuka vizuri zaidi vile walivyovitazama tu. Mtu akijua chombo kimemtunzia, akili yake huachilia. Lakini Henkel aliona na jambo la pili: mwanafunzi alipoivuta kamera kwenye sehemu moja ya kitu, akaikazia macho hiyo, kumbukumbu haikudhurika. Kilichookoa kumbukumbu ni kule kukazia macho, na mwenye kamera pia anaweza kukazia.

Kupiga picha bila kukazia macho ndiko ninakokuona kila Jumapili pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Watu wanafika, wanaipa nguzo mgongo, wanainua simu, wanajipiga picha kumi, wanaondoka. Juu ya nguzo ile kuna msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno, na chini yake bahari hubadilika rangi kila Mto Sabaki unapoteremsha udongo mwekundu wa bara. Nimewauliza vijana kadhaa walipokuwa wakirudi: juu ya nguzo kuna nini? Wengi walifungua simu kuangalia.

Lakini tusiilaumu picha yenyewe, maana pwani hii ina ushahidi wa kile picha inachoweza kufanya ikiwa na mwenyewe.

Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Kigango ni nguzo ya mti mgumu yenye nakshi, husimamishwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Kikishasimamishwa hakihamishwi, hata watu wakihama boma. Udvardy aliporudi kumletea mzee picha yake, alikuta vigango vimeibwa. Mzee akafa bila kuviona tena. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa masomo ya Afrika nchini Marekani, mtafiti mwingine, Linda Giles, alionyesha slaidi za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kikapatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya akashirikiana nao kuitafuta familia. Kigango cha Illinois kilirudi Kenya mwaka 2006, cha Hampton mwaka 2007.

Ilikuwa picha ya kawaida tu. Lakini aliyeipiga alijua mzee ni nani, kijiji ni kipi, na nguzo zile ni za akina nani, na miaka 14 baadaye aliijua nakshi ile alipoiona upya. Sasa linganisha: makumbusho ya Denver nayo yalirudisha vigango 30, ila hivyo vilikuwa vimepita mikononi mwa wafanyabiashara bila kuandamana na habari za familia vilikotoka. Nguzo za kuwakumbuka watu, na watu wenyewe hawajulikani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hizi zilipatikana, na habari zikabaki zimepotea.

Simu zetu zimejaa vigango vya namna hiyo.

Sisemi tuzitupe. Binti yangu yuko Doha, na mwanawe alijifunza kuniita babu kwenye kioo cha simu. Siwezi kukidharau kioo hicho. Wala sisemi watu wa zamani hawakusahau. Walisahau mengi. Lakini picha zao zilikuwa chache, na nyuma ya kila moja waliandika kwa kalamu: jina, mahali, tarehe, na mara nyingi neno "Nikumbuke".

Kwa hivyo naomba mambo matatu, na yote yanawezekana wiki hii. Kwanza, kwenye arusi au matanga, familia imteue mtu mmoja wa kupiga picha, wengine waweke simu mfukoni, wamtazame bibi harusi, wamsikilize anayemlilia marehemu. Pili, picha ya mtu isitumwe kwenye kundi bila jina lake, jina la baba yake na kijiji chake. Maneno kumi yanatosha. Tatu, walimu wetu wa Malindi na Kilifi wawape wanafunzi kazi hii wakati wa likizo: kila mtoto achague picha moja ya nyumbani, akae na mzee wake, aandike ukurasa mmoja kuihusu.

Ile picha ya mgema sasa imetundikwa ukutani kwao. Nyuma yake nimeandika kwa wino kila alichokisema yule bibi. Ana miaka themanini na zaidi, na katika watu zaidi ya mia waliokuwa na picha ile, ndiye pekee aliyejua ni ya nani. Ndugu msomaji, nawe unaye mzee wa namna hiyo. Mpigie simu leo, angali anaitika.