TAHARIRI: Jasho la kwapa si uchafu, lakini usidungwe sindano saluni

JULAI mjini Nyeri huwa haina huruma. Ukungu unashuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare, jua linajificha siku nzima, na kila mtu kuanzia stegi ya matatu hadi sokoni Karatina anatembea na jaketi. Ukiona mwenzako ameketi tu katika baridi hiyo na shati limelowa kwapani, usimcheke. Na kama ni wewe, usijifiche.

Tuambiane ukweli. Wengi wenu mnayajua maisha haya. Unanunua nguo nyeusi tu. Huinui mkono kusimamisha matatu. Huvui sweta hata jua la Januari likiwaka Nanyuki. Siku ya mahojiano ya kazi unabana mikono ubavuni kama aliyebeba yai kwapani. Wengine wanadhani unaringa, wengine wananong'ona kwamba huogi.

Hawajui. Jasho lenyewe halina harufu. Kikwapa huletwa na bakteria wa ngozi wanaolivunjavunja jasho hilo. Unaweza kuoga mara tatu kwa siku na bado ukalowa, kwa sababu shida haiko kwenye sabuni. Iko kwenye neva, ambazo zinaziamuru tezi kutoa jasho hata kama mwili hauhitaji kupoa. Madaktari huiita hali hii haipahidrosisi. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, hushika kwapa zote mbili, na hutulia ukilala.

Hilo la mwisho lishike vizuri. Ukiamka usiku shuka zimelowa, na tena unakohoa, una homa au unapungua uzani, hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Huenda ikawa kifua kikuu. Nenda hospitali ya umma upimwe. Dawa za TB hutolewa bure. Maradhi ya tezi ya shingo na kisukari pia huweza kuleta jasho jingi, kwa hivyo usijipe jibu mwenyewe.

Sasa tuje kwa sindano mnazoziona kwenye simu. Dawa yenyewe ni sumu ya botulinamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina Botox na kudhani ni ya mastaa wanaoficha makunyanzi. Si porojo. Marekani iliidhinisha Botox kwa jasho kali la kwapa mwaka wa 2004. Inafanya kazi kwa kuzuia neva isitoe kemikali inayoiamsha tezi. Daktari anaweza kupaka aidini na wanga kwapani. Panapotoka jasho hugeuka rangi na kuwa nyeusi. Kisha hudunga hapo vijisindano 10 hadi 15, kwa kawaida yuniti 50 kila kwapa. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki moja hivi na mara nyingi hudumu kama miezi sita.

Halafu jasho hurudi, nawe unarudi kulipa. Kwa kijana anayetegemea kibarua au pesa za matumizi kutoka nyumbani, huo si mzaha.

Ndiyo maana msimamo wetu ni huu: usianzie mwisho. Deodoranti ya kawaida hufunika harufu tu. Muulize mfamasia dawa ya kuzuia jasho yenye alumini kloraidi. Unaipaka usiku kwapa likiwa kavu kabisa, unaosha asubuhi. Wengine huwashwa, basi wapunguze au waache. Ikikataa, muone daktari wa ngozi. Hapo ndipo mazungumzo ya sindano huanzia.

Kamwe usianzie saluni, wala kwa mtu aliyekutumia bei kwa WhatsApp. Aprili 2024, mamlaka za afya Marekani zilionya baada ya watu katika majimbo kadhaa kuumwa kutokana na sindano za dawa ghushi au za wadungaji wasiofaa, wengine hadi kulazwa. Dawa hii ikienda mrama, kope hulegea, kumeza kunakuwa kazi, hata pumzi hubana. Wajawazito na wenye maradhi ya kudhoofisha misuli hawashauriwi kuitumia.

Kabla ya kuinua mkono udungwe, hakikisha daktari huyo amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Sajili yake iko mtandaoni. Uliza dawa ni ya kampuni gani na kama inatambuliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Akikasirika kwa kuulizwa, shika njia uende zako.

Kwa serikali za kaunti, kuanzia Nyeri na Kirinyaga hadi Laikipia, Embu na Meru: tangazeni siku za kliniki za ngozi ili vijana wazijue. Zahanati za vyuo, kama Kimathi na Karatina, nazo zilizungumzie jambo hili waziwazi. Kijana wa Othaya hafai kupanda matatu hadi Nairobi ndipo aambiwe kwamba anachougua kina jina.

Nawe uliyezoea kumcheka mwenzako, acha. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini mara nyingi anayemfanya ayafiche ni kicheko chetu.