Sisi ni Wamoja, ila Kasarani

Baada ya Westgate, 2013, tuliandika "Sisi ni Wamoja" kila mahali. Aprili iliyofuata serikali ikaanzisha msako wa Usalama Watch. Maelfu ya Wasomali wakazolewa Eastleigh na mitaa mingine, wengine wana vitambulisho mfukoni, wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Uwanja wa mpira, jamani! Wamoja wengi wakapiga makofi.

Disemba 2015, Al-Shabaab wakavamia basi kule Mandera, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Wakagoma. Wanawake walikuwa washawapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na Januari akafariki. Leo tunamwita shujaa, lakini mwaka uliotangulia jina kama hilo lingetosha kumpakiza mtu kwenye lori la polisi.

Mimi picha ya bendera kwenye simu sibadilishi tena. Msako ukirudi, nitasimama mlangoni kwa jirani yangu Msomali nimuulize afande: huyu kafanya kosa gani? Utasema natetea magaidi. Sawa, sema. Ila kwanza nitajie gaidi mmoja aliyenaswa kwa kuwalaza akina mama Kasarani.