Fiziotherapia Haifunzwi kwa Miwani

Jamani, leo nawaharibia wenzangu biashara. Sisi waundaji wa programu tukisikia "mafunzo kwa uigaji" mate yanatutoka. Tunawazia miwani ya uhalisia pepe, tarakilishi zenye nguvu na leseni ya kulipiwa kila mwaka. Kisha tunabisha hodi kwenye vyuo vya fiziotherapia. Nasema tusubiri kwanza!

Sipingi uigaji. Wapo wanaouita mchezo wa watoto, eti mwanafunzi ajifunzie kwa mgonjwa tangu siku ya kwanza. Hao nawauliza: bega lako bovu ungekubali liwe la kwanza kuvutwa naye? Hata sisi hatumpi mteja programu ambayo haijajaribiwa.

Lakini hebu tazameni ushahidi. Mwaka wa 2012 watafiti wa Australia walichapisha majaribio mawili yaliyohusisha wanafunzi 370 wa fiziotherapia. Kati ya wiki 4 za mazoezi ya kazini, kuna waliozimaliza zote kwa wagonjwa halisi, na kuna waliofanya robo ya muda huo kwa uigaji. Walipopimwa, hawa wa uigaji hawakuwa nyuma ya wenzao. Na ni mashine gani iliyowafunza? Hakuna. Walifunzwa kwa waigizaji, binadamu kama mimi na wewe, waliojifanya wagonjwa. Mbinu yenyewe si ngeni: daktari Howard Barrows aliianzisha Marekani mwaka wa 1963.

Kazi hii ni ya mikono na mazungumzo. Mwigizaji hununa, huficha jambo, hukataa zoezi, hukuambia "hapo paniuma". Skrini haikazi msuli ukiigusa. Naye mwigizaji ana kikomo chake, kwani hawezi kuigiza goti lililokakamaa kwa miaka. Kwa hivyo asije mkuu wa chuo akatumia uigaji kufuta mazoezi ya hospitalini. Kilichopimwa ni robo, si muda wote.

Na Kenya hatuna uhaba wa waigizaji. Vikundi vinazunguka shuleni vikiigiza vitabu teule. Wafunzwe maradhi, walipwe vizuri. Stima ikipotea, wao hawazimiki.

Enyi wakuu wa vyuo, muuzaji akija na miwani yake, hata nikiwa mimi, mwulizeni swali moja tu: mwanafunzi akiivaa, mikono yake itamshika nani?