Daftari la Wiki: Siku Nne za Kukaa Tu

Saa kumi alfajiri ya Alhamisi tulikuwa macho wote wawili, tumelala chali, kila mmoja anasikiliza pumzi za mwenzake. Hakuna aliyetuamsha. Kwa siku 13 hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu ya kufunga kamba za viatu, ili jua litukute tumeshazimaliza kilomita nane za kwanza, na mwili ulikuwa bado haujaambiwa kwamba kazi imekwisha. Mzee akakaa kitandani, akapapasa sakafuni kutafuta soksi. Halafu akasita.

"Leo tunakwenda wapi?"

"Hatwendi popote. Tuko Kampala."

Akarudi kulala, lakini vidole vyake vya miguu niliviona vikichezacheza chini ya shuka mpaka adhana ya alfajiri.

Safari yenyewe ni hii, kwa aliyekosa madaftari yaliyopita: Bukoba, Kyaka, Mutukula, Kyotera, Masaka, mstari wa ikweta pale Kayabwe, Mpigi, kisha Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3. Kilomita 300 na ushei kwa miguu. Tulikuwa tunatimiza nadhiri, na nadhiri ya watu wawili haiandikwi gazetini. Tulipangia kila kitu, malengelenge, mvua, pa kulala, ila hatukupanga siku za baada ya kufika. Mabasi ya kurudi kwetu yalijaa mahujaji hadi Jumatatu. Kwa hiyo siku nne za kukaa tu, mjini, na mume wangu.

*

Waganda wana neno ambalo ningelichukua nikarudi nalo kama forodha wangeliruhusu. Mtu akirudi safari huambiwa "Kulika", naye huitika "Awo". Sisi tuna "pole na safari", na ni maneno mazuri, lakini "pole" inamtazama msafiri upande wa maumivu. "Kulika" inampongeza kwamba ametoka huko salama.

Mhudumu wa nyumba ya wageni ndiye aliyeanza. Alitutazama miguuni kabla ya kututazama usoni. Tulikuwa tumevaa kandambili, visigino vimefungwa plasta, na kucha ya dole gumba langu la kulia ilikuwa imeshakuwa nyeusi kama mbegu ya papai. "Kulika, nnyabo," akasema, akachukua begi. Baada yake muuza vocha, kisha mama wa chapati, kisha kijana wa bodaboda ambaye alituambia kulika na papo hapo akatutajia nauli mara mbili ya ile halali. Mpaka jioni ya Alhamisi nilikuwa nimehesabu watu tisa.

Ijumaa watano. Jumamosi, vidonda vimekauka na nimevaa viatu vya kufunika, hakuna hata mmoja. Ilinichoma kidogo, na sikuona haya kuchomwa.

*

Njiani hatukugombana hata mara moja. Wanaotufahamu hawataamini. Lakini fikiria: pa kula ni pale njaa ilipokukuta, pa kulala ni parokia iliyo mbele, na mwendo ni wa yule mwenye goti bovu. Barabara ilituamulia yote. Kuna siku, kati ya Lukaya na Lwera, wenye samaki na kuku wa vijiti wakitukimbilia wakidhani tuna gari, tulitembea saa nne bila kusema neno, na jioni yake Mzee akaniambia leo tumeongea vizuri.

Mjini, kabla ya saa sita mchana wa siku ya kwanza, tulikuwa tumeshagombana mara tatu.

La kwanza, kifungua kinywa. Mimi nilitaka katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo, chakula ambacho hata kwetu Bukoba kinaitwa katogo na kina ladha ileile ya nyumbani. Yeye alitaka rolex, yaani mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati, kwa sababu vijana wote walikuwa wanakula hiyo. La pili, usafiri. Nilitaka bodaboda hadi mjini. Yeye alisema hawezi kulipa nauli ya kilomita nne baada ya kutembea 300 bure. La tatu, dumu.

Nilikuwa nimechota maji lita tano kwenye lile ziwa la Namugongo. Jirani ameagiza, wifi ameagiza, mwenyekiti wa kwaya ameagiza. Sasa huyu ni mwanamume ambaye kabla hatujaondoka alivunja mpini wa mswaki ili kupunguza uzito wa begi. Akalitazama lile dumu la njano muda mrefu.

"Kilo tano," akasema.

"Ni maji ya baraka."

"Baraka ina kilo tano."

Hatukuongea mpaka saa kumi, na safari hii hatukuwa tumeongea vizuri.

*

Ijumaa tulishuka Owino kutafuta begi la kuwekea dumu. Owino ni jina la mdomoni. Kwenye karatasi soko linaitwa St. Balikuddembe. Nilikuwa nimelisikia jina hilo mara nyingi na sikuwa nimewahi kulifikiria. Ukilivunja kwa Kiganda linasema kitu kama "wako katika amani", na hapo mtu mwenye gunia la viatu kichwani anakupigia kelele umpishe, mwingine anakuvuta mkono uje kwenye sweta zake, na bomba la maji machafu unaliruka kwa imani.

Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mkubwa wa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga II. Askofu James Hannington wa Waanglikana alipouawa Busoga mwishoni mwa Oktoba 1885, Balikuddembe alimkosoa mfalme wake kwa kitendo hicho. Novemba 15 akakatwa kichwa, wa kwanza katika wale 22 wa Kanisa Katoliki, zaidi ya miezi sita kabla ya moto wa Namugongo, ambako Mwanga aliwachoma wenzake. Alikatwa hapa Nakivubo, eneo hili hili la soko. Tumetembea siku 13 kuwafuata mashahidi hadi kwenye basilika yenye nguzo 22, moja kwa kila shahidi, tumesimama kwenye umati hata mkono hushushi, kumbe wa kwanza wao yuko huku, katikati ya mitumba. Wenyewe wanaiita mivumba. Sikuona mtu akipiga ishara ya msalaba. Niliona bibi akipima suruali ya mjukuu kwa kuifunga shingoni, kama sisi tunavyofanya.

Kwa bibi huyo nitakaa kidogo.

Alikuwa muuzaji, si mnunuzi. Mjukuu alikuwa wa mteja. Nilimsemesha kwa Kihaya, yeye akanijibu kwa Kiganda, na lugha hizi zikifanyiwa subira husikilizana. Tumetoka wapi? Bukoba. Akaweka chini suruali.

"Bakombozi!"

Ndivyo wazee wa huko walivyowaita wanajeshi wetu waliovuka mpaka mwaka 1979. Alikuwa msichana, akasema, kijijini karibu na Masaka. Kisha akaanza kutusemesha kwa Kiswahili, akitabasamu, akihesabu kwa vidole kama mtoto anayetoa shairi: "Kaa chini. Leta maji. Wewe, toka. Usiogope." Akasimama hapo. Ndicho Kiswahili chake chote, miaka yote hii, na alikuwa amekitunza vizuri. Hata lafudhi ilikuwa ya bara, ya kwetu kabisa.

Mzee alicheka kwa heshima. Mimi nilishindwa. Tumekulia na nyimbo za vita vya Kagera, na nyimbo hizo zilikuwa na haki, kwa maana sisi ndio tuliovamiwa, na daraja la Kyaka ni sisi tuliovunjiwa. Masaka tulikopita na raba zetu, tukanunua maparachichi, ndio mji wake uliobomolewa na mizinga yetu. Kiswahili mimi nimekijua kwa mama akinibembeleza. Yeye alikijua kwa buti mlangoni. Serikali ya Uganda iliamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni, na wengi wetu tukapiga makofi. Ningependa mwalimu wa somo hilo aanze kwa kukaa na bibi huyu nusu saa.

Begi tulinunua kwake. Bei hakupunguza.

*

Kampala ina korongo wakubwa, wale wenye upara na mfuko shingoni. Waganda huwaita kaloli. Husimama juu ya nguzo za taa kutwa, mabawa nyuma, shingo ndani, wakitazama takataka za watu kwa masikitiko. Nilimwambia Mzee wanafanana na mwalimu mkuu mstaafu. Yeye ni mwalimu mkuu mstaafu.

*

Jumamosi, Kasubi. Hili lilikuwa wazo la Mzee na nilikubali kwa sababu ya dumu.

Kasubi ndiko walikozikwa makabaka wanne: Mutesa I, Mwanga II, Daudi Chwa na Mutesa II. Nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, iliungua Machi 2010 na kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi. Ukilitazama lile paa la duara linavyoshuka hadi karibu na ardhi, unaelewa basilika ya Namugongo ilichorwa ikitazama wapi. Nyumba ya waliochomwa inafuata umbo la nyumba ya aliyechoma. Mlinzi wa lango aliomba fimbo ibaki nje.

Sijaitaja fimbo. Ni ya mkaratusi; Mzee aliikata Kyaka siku ya tatu, goti lilipoanza kulia, na kuanzia hapo haikutoka mkononi. Ncha yake imelika. Ukiweka kidole kwenye alama aliyochora siku aliyoikata, utaona imepungua upana wa vidole viwili. Hivyo vidole viwili viko mahali fulani kwenye lami ya Uganda.

Nilikwenda Kasubi nikiwa na hasira na Mwanga, kama mtu yeyote anayetoka Namugongo. Mwongozaji akatusimulia mwisho wake. Mwaka 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza, akapigwa Buddu, ambayo ndiyo Masaka ya leo, akakimbilia kusini kwenye ardhi ya Wajerumani, na akaishia mikononi mwao Bukoba. Bukoba yetu. Alitoroka, akarudi kupigana, akashindwa tena. Mwaka 1899 akakamatwa pamoja na Kabalega wa Bunyoro, wakapelekwa Shelisheli. Huko akabatizwa, akaitwa Danieri, kwa dini ileile aliyowachomea watu. Akafa huko mwaka 1903. Mwili ulirudishwa mwaka 1910, akalazwa hapa karibu na baba yake.

Nilikuwa nimenyamaza. Njia tuliyopanda ndiyo aliyoshuka, ile ya Buddu hadi kwetu.

"Kumbe naye alitembea," Mzee akasema.

Tulikaa chini ya mti wa mpera nje ya uzio. Akauliza Mwanga alikuwa na umri gani moto ulipowashwa Namugongo. Miaka 18 hivi, nikamwambia. Akazungusha fimbo, akachora duara vumbini, akalifuta kwa kandambili.

"Nimewafundisha wa umri huo miaka 30. Ukimpa mmoja wao nchi..."

Hakumalizia. Mimi sina jibu la kumsaidia. Kizito, mdogo kuliko wote waliochomwa, hakuwa na zaidi ya miaka 14 au 15. Huo nao ni umri aliofundisha.

*

Jumapili, misa Rubaga. Mahubiri marefu, kwaya nzuri.

Mchana Mzee alitoweka. Simu haipatikani. Nilimngoja saa nzima, kisha nikatoka kumtafuta, na nikamwona anateremka kilima cha Rubaga, fimbo mkononi, mwendo wetu uleule wa barabarani, si wa mtu anayekwenda mahali. Sikumwita. Nilijiunga naye upande wa kushoto, ambako ndiko nilikokuwa nikitembea tangu Bukoba, tukashuka hadi ziwa la Kabaka, tukapanda, tukashuka tena. Hatukusema kitu. Magari yalitupigia honi. Giza lilipoingia tukanunua rolex mbili kwa mama wa chapati, nami nikakiri kwamba ni nzuri, na Mzee akasema dumu atalibeba yeye.

*

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, stendi. Basi linasema litafika Bukoba mchana. Siku 13 ndani ya asubuhi moja; nilijaribu kuwaza ni kwa dakika ngapi tutaipita Lwera nikaacha. Begi la Owino limewekwa kwenye buti, dumu ndani yake limeviringishwa kitenge. Utingo akazunguka kukagua tiketi, akafika kwetu, akaiona fimbo imesimama katikati ya magoti ya Mzee kama abiria wa tatu. Akaitazama, akamtazama mwenyewe.

"Mzee, na hii inashukia wapi?"

"Kyaka," Mzee akasema.